Kumtumaini Mungu Bila Kuonyeshwa Mwisho



Nataka niseme neno juu ya maneno ambayo sisi wa Kidato cha Nne huyasema kila saa: "Mungu anajua."

Mtihani wetu ni mwezi wa Novemba. Wenzetu waliofanya mtihani Novemba 2024 walingoja matokeo hata tarehe 23 Januari 2025, kisha wakangoja tena uteuzi wa Kidato cha Tano. Miezi yote hiyo hakuna awezaye kukuambia jina lako litatokea wapi. Giza hili latusumbua kuliko hesabu zenyewe, na kwa ajili yake wengine bwenini hutafuta uhakika. Mmoja ataka kalamu iliyoombewa. Mwingine auliza kama yupo aliyeota maswali. Na mwingine, huyu ndiye wa hatari, atega sikio apate karatasi ya wizi. Wote husema wanamtumaini Mungu. Mimi naona wanataka kuonyeshwa kwanza, ndipo waamini.

Shuleni kwetu tuko Waislamu na Wakristo, basi nachukua mfano ulio wetu sote: mama yake Musa. Katika simulizi la Biblia, alimweka mwanawe mtoni bila kuambiwa ataokotwa na nani. Lakini tazameni na kazi yake. Katika Biblia alikipaka kile kisafina lami kisiingie maji, na katika Biblia na Kurani pia, dada wa mtoto alikuwa akitazama kwa mbali. Lami ilikuwa kazi ya mama. Mto haukuwa wake. Wale walalao saa ya kujisomea usiku wakisema "Mungu akipenda tutafaulu," nawaomba watuonyeshe lami yao.

Baba yangu ni mkulima huko Dodoma, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Yeye hupanda mtama katika udongo mkavu kabla tone halijaanguka. Mwaka mwingine mvua hukatika mimea ikiwa haijapita kifundo cha mguu, naye hupanda tena. Sijamsikia akilidai wingu litie sahihi.

Nina neno pia kwa wazazi, kwa heshima. Wako wanaomwambia mtoto, "Usipopata Daraja la Kwanza, usirudi nyumbani." Twajua mmeuza mbuzi kwa ajili yetu. Lakini mwanafunzi aweza kuahidi bidii tu. Hawezi kuahidi alama. Na mtoto aliyebanwa hivyo ndiye mnunuzi wa kwanza wa karatasi ya wizi.

Mtu ataniuliza: je, ukitumaini, ukafanya bidii, kisha ukafeli? Swali hili ni la haki, wala sina jibu tamu. Watu wema wamefeli. Sitamwambia mwenzangu kwamba Mungu amemwahidi Kidato cha Tano, maana sijaona mahali alipoahidi. Naamini tu kwamba aliyefeli hakuachwa na Mungu, na kwamba vyuo vya ufundi na kurudia mtihani si adhabu, ingawa huko bwenini twavitaja kana kwamba ni kaburi.

Mimi natamani kusomea udaktari wa mifugo. Sijui kama nitafika. Usiku huu nina maswali kumi na mawili ya Kemia, na kengele ya kujisomea imekwisha lia.