BISIE: Habari za Wayahudi kwenye simu, tutazame kwanza chanzo

Hapa Bisie, teritware ya Walikale, mega zinanunuliwa kwa jasho la machimbo. Zisipotelee kwenye sauti zisizo na mwenyewe. Mkaaji ao mkimbizi anayetaka kujua dini ya Kiyahudi aulize: nani anasema, na Wayahudi wenyewe wanamtambua?

Sefaria, maktaba ya intaneti, inatoa Torati na Talmud bure, kwa Kiebrania na Kiingereza. Asiyekijua aombe mwenzake amsomee. Karibu zaidi, Uganda, wako Abayudaya wa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipewa urabi 2008.

Masisi na Walikale wanajua uvumi juu ya kabila la mwingine unafikisha watu wapi. Uvumi juu ya dini ni ndugu yake. Hakikisha, ndipo utume.