Jani Linasingiziwa

Lambo likigeuka kijani huko Ganze, Bamba au Magarini, hukumu hutolewa papo hapo: maji yameharibika, na mharibifu ni lile jani linaloelea. Litafutiwe dawa, life. Imani hii inawatia watu hasara, na inamwacha mkosaji wa kweli akiendelea na kazi yake.

Hebu jani lichotwe kwa kiganja, litazamwe. Kile ambacho kwa mbali kilifanana na ukungu ni maelfu ya vijani, kila kimoja kidogo kuliko punje ya dengu, na chini yake unaning'inia mzizi mmoja mwembamba kama unywele. Ni mmea kamili. Wataalamu huuita lemna, na ukoo wake ni mmoja na majimbi yanayochemshwa majumbani kwa nazi. Ubavuni mwa kila kijani huchomoza kichanga, kikakua, kikajitenga na mama yake, nacho kikaanza kuzaa. Penye jua na chakula tele, idadi huongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Lambo lililofunikwa robo Jumatatu laweza kufunikwa nusu Jumatano, na Ijumaa maji yasionekane.

Chakula chenyewe ni naitrojeni na fosforasi. Nani amezitia majini? Ng'ombe waingiao kunywa hadi magotini, wakanya humo humo. Mvua ya masika inayokokota samadi na mbolea ya mashambani. Choo cha shimo kilichochimbwa kwenye mwinuko juu ya lambo. Mfugaji wa samaki anayemwaga samadi bwawani bila kipimo. Jani limefika mwisho kabisa, likakuta karamu imekwisha andaliwa.

Anayebisha na atazame Ziwa Victoria. Mbawakawa walioachiliwa miaka ya 1990 walilipunguza sana gugu maji, mmea mwingine unaoelea, lakini mbolea na maji taka hayakukoma kutiririka, na gugu likarudi.

Dawa ya magugu ndiyo balaa zaidi. Jani likifa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini. Alfajiri perege huonekana wamejazana juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi. Rutuba iliyokuwa imefungwa ndani ya majani nayo hurudi majini kulisha kizazi kijacho. Na maji hayo hayo hunywewa na mifugo, pengine na watu.

Ni kweli kwamba tabaka nene likiachwa huzuia mwanga na hewa, na samaki hufa. Basi livunwe. Upepo wa kusi hulisukuma lote hadi ukingo wa kaskazini. Hapo watu wawili wenye kamba ndefu iliyofungwa makumbi ya nazi, ambayo huelea, wanaweza kulikusanya na kulizoa kwa wavu. Kila karai linalotoka limebeba sehemu ya ile samadi iliyoingia.

Jani lenyewe ni chakula cha kuku, bata na perege. Likiota penye rutuba nzuri, protini yake huwa asilimia 20 hadi 40 ya uzito mkavu, ingawa asijidanganye mtu: kilo 100 mbichi zikikauka hubaki kama kilo 5 hadi 8 tu, kwa kuwa karibu lote ni maji. Huko Mirzapur, Bangladesh, maji taka ya hospitali yamesafishwa kwa lemna, na majani yakalishwa samaki. Lakini lile linaloota kwenye mitaro ya gereji na viwanda lisilishwe mnyama yeyote, maana hunyonya na sumu za madini.

Lililobaki ni la wenye mifugo na kamati za maji, na halihitaji dawa yoyote: uzio wa miiba kuzunguka lambo, mkanda wa nyasi upande mvua inakoingilia, na birika la kunyweshea nje ya ukuta wa lambo, maji yakishuka kwa bomba na ng'ombe wakinywa wakiwa nchi kavu.