Chopa ikizima angani, siyo kaburi

Haya, wiki hii tuumalize ule ubishi wa vijiweni, kuanzia Mwananyamala mpaka Tandika. Kuna mabingwa wanaapa kwamba ndege ikizima injini itateleza kwa mabawa, lakini chopa ikizima inadondoka kama embe dodo. Jamani, uongo mtupu!

Siri iko kwenye lile pangaboi la juu. Kati yake na injini kuna kifaa kinachofanya kazi kama gia ya nyuma ya baiskeli, ile inayolia tiki tiki ukiacha kupiga pedeli: miguu imesimama, tairi linaendelea. Injini ikigoma, panga linajiachia. Hapo rubani asizubae. Kwa mkono wa kushoto anakandamiza chini fimbo moja iliyokaa kama hendibreki, mapanga yanalala, chopa inaanza kushuka. Upepo sasa unaingia kwa chini na kulizungusha panga wenyewe, kama vile vifeni vya ukuti ambavyo watoto hukimbia navyo uchochoroni. Kwenye kichopa kidogo kama Robinson R22, muda wa kushtuka ni sekunde moja na kitu. Akichelewa, panga linapoteza kasi, na hapo hata dua ya mama haisaidii.

Akikaribia chini anainua pua kupunguza mwendo, kisha anavuta ile fimbo juu. Nguvu iliyobaki kwenye panga inatumika mara moja tu. Hakuna kurudia.

Mnabisha? Juni 21, 1972 Mfaransa Jean Boulet alipanda na chopa aina ya Lama hadi mita 12,442, yaani zaidi ya Kilimanjaro mbili. Huko juu injini ikazima na haikuwaka tena. Jamaa akashuka nayo hivyo hivyo mpaka chini, mzima!

Sasa mbona watu wanakufa? Oktoba 15, 2015 tulimpoteza Deo Filikunjombe wa Ludewa na wenzake kule Selous. Ujanja huu hautibu kila kitu. Panga likivunjika, basi. Na tofauti na tunavyodhani, kuwa juu sana ndiyo nafuu. Kubaya ni chini chini huku chopa inakwenda polepole, maana hakuna nafasi ya kulipa panga kasi. Ndiyo maana kuruka na kutua kunatisha. Aprili 13, 2014 chopa ya jeshi ilianguka pale pale uwanja wa Julius Nyerere ikiwa na Makamu wa Rais Dk. Bilal na Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, wakienda kukagua athari za mafuriko. Walitoka hai, ashukuriwe Mungu.

Sasa tuje kwetu. Tangu Mbowe aipande kwenye kampeni za 2005, chopa ikikaribia Mwembe Yanga au Biafra, mtaa mzima unakimbilia chini yake. Injini ikimzimikia rubani hapo, anatafuta peupe pa kutua, na peupe penyewe ni wewe, mdogo wako mgongoni na meza ya mama ntilie! Kaeni pembeni mpaka panga lisimame kabisa. Na nyuma msipite: kile kipanga cha mkiani kikizunguka hakionekani, na rubani hakuoni.