Gari Kuukuu la Dizeli Halifi kwa Uzee

Askari anapostaafu na kupokea kiinua mgongo chake, mara nyingi jambo la kwanza limjialo moyoni ni kununua gari la kazi. Si gari jipya, kwani bei yake haishikiki. Ni pikapu ya dizeli iliyokwisha kuzunguka barabarani miaka ishirini au thelathini. Gari hilo ndilo litakalobeba ndizi kutoka Masaka hadi Kampala, na pato lake ndilo litakalolipa karo ya watoto na kutia kitu chunguni. Basi gari likilala, jamaa nzima hulala nalo.

Tena si rahisi kulipatia badala. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2018, ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari kuukuu lililokwisha kuwamo nchini ni mali ya kutunzwa.

Wako wasemao kwamba gari likizeeka halina dawa. Kauli hiyo si ya kweli. Injini ya namna hii ilibuniwa na mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, na ile ya kwanza kufaulu vema ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Haina plagi za kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hata ikabaki sehemu moja ya ishirini hivi, ikapata joto kali; ndipo mafuta yanyunyizwapo na kuwaka yenyewe. Ili istahimili nguvu hizo, injini hiyo hujengwa nzito na imara, na chuma chake hakichakai upesi. Kinachoiua kabla ya siku zake ni uchafu: maji katika mafuta, vumbi katika hewa, na oili iliyochoka.

Adui wa kwanza ni maji. Katika magari mengi ya namna hii, pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia huleta kutu. Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hukosa utelezi, ikazisaga pampu na nozeli kidogo kidogo. Magari mengi ya dizeli yana skrubu chini ya chujio la mafuta. Yafaa ifunguliwe mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kuwasha, na mafuta kidogo yakingwe katika chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini yakaonekana wazi. Yakiisha, skrubu ikazwe barabara, kisha hewa itolewe kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Aidha ni vema tangi lijazwe jioni kuliko kulazwa tupu, maana hewa yenye unyevu hugeuka maji ndani yake usiku wa baridi.

Adui wa pili ni vumbi la barabara za muramu. Chujio la hewa la karatasi hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, wala halioshwi kwa petroli. Likitoboka, hata tundu dogo, hapana budi libadilishwe, kwa kuwa vumbi lipitalo hapo husaga silinda na ringi kama msasa.

Adui wa tatu ni oili iliyokaa mno. Kwa injini kuukuu, kila kilomita 5,000 ni kipimo kizuri, na chujio lake libadilishwe papo hapo. Oili imwagwe injini ingali na uvuguvugu, ili uchafu utoke nayo. Wengi huchungulia kijiti cha kupimia, wakaona weusi, wakadhani wamedanganywa. Lakini oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache tu, na rangi hiyo si dalili ya kuchoka. Wakati wa kunununua, yatazamwe maandishi ya kopo: daraja la oili ya dizeli huanza na herufi C, kama CF au CI-4, na la petroli huanza na S.

Sasa yaja mambo ya gereji. Mafundi wa Katwe na Ndeeba wengi wao walifundishwa kwa kushika spana chini ya wakubwa wao, na ujuzi wao ni wa kuheshimiwa. Lakini mwenye gari akabidhiye ufunguo kisha akaenda zake kunywa chai, hana haki ya kushangaa jioni. Yampasa awepo. Gari alipeleke likiwa baridi, fundi asikie liwakavyo asubuhi. Aeleze dalili tu, asitaje dawa. Mgonjwa humwambia daktari paumapo, hamwandikii cheti. Ujira wa fundi upatanwe mbali na bei ya spea, na kila spea iliyotolewa arudishiwe mkononi aione.

Lipo jambo moja ambalo limemaliza viinua mgongo vya watu: kufungua injini pasipo sababu. Kabla ya kukubali, moshi utazamwe. Moshi mweusi waonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa. Chujio la hewa limeziba, au nozeli hazinyunyizi sawasawa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huenda ringi au sili za valvu zimechakaa. Moshi mweupe asubuhi ya baridi waweza kuwa jambo dogo, labda plagi za kupashia joto zimekufa. Ila ukiendelea injini ikiwa imepata moto, na maji ya radieta yakipungua, gasketi ya silinda ishukiwe. Gari litoalo moshi mweusi lipelekwe kwanza kwa fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli. Gharama ya kupima ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kufungua injini nzima.

Mkanda wa taimingi nao usisahauliwe. Katika injini za Toyota za aina ya 2L, zilizotumika sana katika Hilux na Hiace, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikizunguka, valvu hugongana na pistoni, na hasara yake ni kubwa. Anunuaye gari ambalo historia yake haijulikani, heri aubadilishe mwanzoni.

Uhai wa mtu hauna spea. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Yawekwe magogo au stendi imara. Mfuniko wa radieta usifunguliwe injini ikiwa moto. Mafuta yakivuja karibu na nozeli yasitafutwe kwa kidole, bali kwa kipande cha boksi, kwani nguvu yake hupenya ngozi kama sindano. Aliyepenywa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Na breki zikaguliwe kabla ya yote. Gari likikosa kuwaka ni hasara. Likikosa kusimama katika miteremko ya Kabale, ni msiba.

Nyumbani nako kuna kazi. Oili chafu isitiwe katika chupa za soda, mtoto asije akainywa. Wala isimwagwe mferejini au kinamasini, bali irudishwe gereji katika dumu lenye alama. Kisha liwepo daftari, nalo likae kwa mama wa nyumba pamoja na hesabu za karo: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na fedha iliyotoka. Daftari hilo litasema oili imefikia wakati wake, jambo ambalo rangi ya oili haiwezi kulisema. Na siku gari litakapouzwa, mnunuzi atalisoma kabla ya kutaja bei.

Mwenye gari kuukuu asingoje liharibike ndipo aanze. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, achukue chupa safi ya kioo, afungue ile skrubu ya chini ya chujio, na atazame kilichomo.