Maharage ya Mkopo Si Muujiza

Kuna imani iliyoota mizizi katika makanisa yetu ya Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na wanaoihubiri kwa nguvu zaidi ni baadhi ya wale wanaolisha watoto. Wanasema huduma ya kweli huendeshwa bila akiba, bila hesabu, na bila kumwambia mtu kilichopungua. Ukiweka magunia stoo, humtegemei Mungu. Ukiuliza pesa zimekwenda wapi, una roho ya Yuda. Asubuhi chungu ni kitupu, mtumishi anapiga magoti, saa sita chakula kimepatikana. Ushuhuda unaandikwa na kutumwa Marekani au Ulaya kwa marafiki wa huduma, pamoja na picha ya watoto wakishika sahani.

Mimi ni Mkristo, na ninaamini kwamba Mungu hulisha. Kwa sababu hiyo hiyo nasema fundisho hili ni baya, na watoto ndio wanaoumizwa nalo.

Chakula kile cha saa sita kilitoka wapi? Katika kartie kama Nyamianda jibu halifichiki. Kilitoka kwa mama anayeuza maharage kandokando ya barabara. Fungua kaye yake ya madeni. Juu ameandika "Watoto wa huduma". Chini yake maharage, mafuta ya mawese, chumvi, tena maharage. Mahali pa kuandika "amelipa" pako wazi, ukurasa baada ya ukurasa. Mtaji wake ni wa likelemba, na siku ya kuchangia ikifika anakuwa mikono mitupu mbele ya wenzake. Akienda kudai anaambiwa, "Mama, vumilia, Mungu atafanya njia." Hawezi kupaza sauti, maana majirani watasema anawanyima yatima. Mpishi naye amemaliza mwezi wa pili bila mshahara, na nyumbani kwake watoto wanalala na chai ya rangi. Katika ushuhuda uliokwenda ng'ambo wanawake hawa wawili hawamo. Kilichoitwa muujiza ni mkopo uliochukuliwa kwa maskini bila kupangiwa tarehe ya kulipa.

Wanaotetea mwenendo huu humtaja George Müller wa Bristol, na wana haki ya kumtaja. Alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836, na alipofariki mwaka 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwa huduma yake. Hakuwaomba watu pesa, aliomba kwa Mungu. Lakini kwenye mimbari zetu hadithi yake husimuliwa nusu. Müller alikataa deni kabisa. Alifikia hata kuacha kuchukua mkate na maziwa kwa kulipa mwisho wa wiki, akaamua kulipa palepale au kutonunua. Kila zawadi, hata ya senti chache, aliiandika, na hesabu zake alizichapisha ili kila mtu azisome. Alipotaka kujenga nyumba kubwa zaidi, alingoja hadi pesa zipatikane ndipo akaweka msingi. Siku za ukata, wafanyakazi wake walitoa vya kwao kwanza. Anayetaka kuishi kwa imani ya Müller aanze kwa kumlipa muuza maharage leo, na kubandika hesabu mlangoni.

Wengine huleta mana. Ni kweli, jangwani aliyeweka ya kesho aliikuta imeoza na ina funza. Lakini Mungu yuleyule aliamuru siku ya sita waokote mara mbili, kwa sababu siku ya saba isingeshuka. Pale alipojulisha mapema kwamba kesho hakutakuwa na kitu, aliwataka wajiandae. Yosefu naye kule Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno miaka saba mfululizo, na sijasikia mhubiri akimwita mtu asiye na imani.

Na njaa yetu ya Uvira nayo hujulisha mapema. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zimekubaliana uvuvi usimame kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kila mama hapa anajua maana yake: ndakala zinapanda bei, na bugali unaliwa na sombe isiyo na kitu ndani. Mvua za Aprili tunazijua pia. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kipindupindu hakijawahi kuondoka kwetu. Maharage nayo yana majira yake: yanashuka bei baada ya mavuno, kuelekea Februari na tena mnamo Juni, halafu yanapanda. Mtumishi anayengoja Oktoba ndipo anunue kwa kipimo kidogokidogo analipa zaidi kwa chakula kilekile, na ziada hiyo ni sahani za watoto.

Nitaambiwa kwamba hapa hakuna anayeweza kupanga. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, maelfu wakavuka kwenda Burundi, na stoo iliyojaa ni ya kwanza kuporwa. Hoja hiyo ina uzito. Basi usiweke yote mahali pamoja: magunia machache yaliyochanganywa na majivu dhidi ya fukusi katika nyumba za waumini kadhaa, pesa kidogo kwenye simu. Na kama uwezo ni wa watoto thelathini, walishwe thelathini.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu picha ya watoto mia mbili inawagusa wafadhili kuliko ya thelathini. Lakini tazama kinachotokea nyumbani kwa mtoto. Mama yake akishajua kwamba saa sita mwanawe anakula kwenye huduma, anapanga siku kwa hesabu hiyo. Anatoka alfajiri kwenda kulima au kubeba mizigo sokoni, na franga chache zilizobaki anampa mdogo wa mtoto huyo. Mchana hakupikwi. Siku lango la huduma lisipofunguliwa, mtoto huyo hana pa kurudi mpaka jioni. Mtu mzima anaweza kufunga siku tatu kwa hiari yake. Mtoto wa miaka mitatu mwenye bwaki, miguu imevimba na nywele zimegeuka nyekundu, hakuchagua kufunga, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari imani ya mtumishi ipimwe kwa tumbo lake.

Mahali pengine hatukubali imani ya namna hii. Hospitali ya Panzi kule Bukavu ilianzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa letu la Kipentekoste, CEPAC. Watu wanasali pale. Lakini huwezi kumwambia mgonjwa aliyelala mezani kwamba uzi wa kumshonea utapatikana kwa maombi wakati daktari ameshapasua. Mbona kwa chakula cha mtoto tunakubali?

Ndugu zetu mlio Marekani, Kanada na Norwe, mnaotuma dola hamsini kila mwezi, msiridhike na picha. Ulizeni huduma inadaiwa na nani na kiasi gani, mpishi alilipwa lini mara ya mwisho, na chakula kilichopo ni cha wiki ngapi. Mtumishi mwaminifu hatachukia, kwa maana hata Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alifuatana na wenzake waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe.

Na wewe unayeongoza huduma, ambaye jina lako bado liko kwenye kaye ya mama yule, mlipe kabla ya Jumapili, kisha upande madhabahuni utoe ushuhuda.