Mtihani Ulikuwa wa Nani?

Himdi zote ni zake Mola Mlezi wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Shaaban ndio mwezi wa mitihani katika vyuo vyetu vingi vya pwani. Kabla ya kufunga kwa ajili ya Ramadhani, watoto hupewa ripoti zao wazipeleke nyumbani, na katika nyumba nyingi jicho la mzazi hupita juu ya masomo yote likatua mahali pamoja tu: nambari. Aliyeshika nambari ya kwanza hununuliwa zawadi. Aliyeshika mkia hukemewa mbele ya nduguze. Kisha karatasi hutiwa kabatini, na mambo yakaisha hapo.

Juma lililopita alitujia mama mmoja chuoni baada ya sala ya Alasiri, ripoti mkononi, na bintiye wa miaka kumi na miwili nyuma yake. Binti alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, babake amesema mwana atolewe chuo. Asema mtihani wa gredi ya sita u karibu, afadhali saa hizi zende kwenye tuisheni, maana huku hapati kitu."

Tulimwomba aketi, tukazitoa karatasi za mtihani. Katika fiqhi palikuwa na swali la tayamum, na binti huyu hakuandika hata neno. Tulipozitazama karatasi za wenziwe, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameliacha au wameeleza udhu badala yake. Hapo tukaanza kuona haya, kwa kuwa swali lile tulilitunga sisi wenyewe.

Tukamwita binti, tukamuuliza kwa Kiswahili, "Mwanetu, mtu akikatazwa maji kwa maradhi, naye ataka kuswali, afanye nini?" Hakusita. Alitaja nia, akapiga viganja juu ya mchanga mkavu wenye vumbi, akapangusa uso, akapiga tena, akapangusa mikono yake hadi viwikoni. Tukamuuliza amejifunza wapi. Akasema nyanya yake alipougua, daktari alimkataza maji, na yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kila wakati wa sala. "Mbona basi hukuandika?" Akainamisha kichwa. "Maalim, swali lilikuwa la Kiarabu. Sikujua laulizia nini."

Binti huyu alihamia kwetu katikati ya mwaka. Msahafu anausoma, lakini lugha ya Kiarabu hajafunzwa. Tukafungua na daftari la mahudhurio: somo la tayamum lilisomeshwa jioni moja tu, siku ya mvua kubwa, na nusu ya watoto hawakuja. Halikurudiwa. Basi enyi ndugu zetu, sifuri ile ilikuwa ya nani? Mtoto alikuwa na elimu na amali, tena ya kumhudumia mgonjwa. Aliyepungukiwa alikuwa mwalimu aliyeuliza asichokifundisha sawasawa, kwa lugha isiyofahamika kwa aliyeulizwa.

Kumpima mwanafunzi ni jambo lenye asili katika dini yetu. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima, katika Kitabu cha Elimu, juu ya kiongozi kuwauliza wenziwe swali ili ajue elimu waliyo nayo. Humo ameisimulia hadithi ya Abdullahi bin Umar (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni mti gani usiopukutika majani, unaofanana na Muislamu. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Ibn Umar, naye ni kijana mdogo, moyoni alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa, akanyamaza. Baadaye alipomweleza babake, Sayyidna Umar alimwambia kuwa lau angalisema, jambo hilo lingalimpendeza kuliko mali nyingi.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, kunyamaza si ujinga. Yule kijana aliyenyamaza ndiye aliyekuwa na jibu. La pili, baba yule hakumfokea mwanawe wala hakumlinganisha na mtoto wa jirani. Alimsikiliza, kisha akamtia moyo aseme siku nyingine. Ni wangapi kati yetu huketi na mtoto baada ya mtihani tukamuuliza alichokuwa akikijua lakini hakukisema?

Mwalimu naye hupimwa. Imamu Muslim ameipokea habari ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (R.A.), aliyezungumza ndani ya sala kwa kutojua, akamwombea rehema mtu aliyepiga chafya, na watu wakamkodolea macho. Sala ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kwamba sala haifai kuchanganywa na maneno ya watu. Muawiya akashuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla yake wala baada yake, kwani hakumkaripia, hakumpiga, wala hakumtukana. Huo ni ushahidi wa mwanafunzi juu ya mwalimu wake, na maulamaa wakaupokea na kuuhifadhi. Basi mtoto akisema nyumbani kuwa chuoni anaogopa kuuliza, asiambiwe amekosa adabu. Mzazi na aje kwa heshima atueleze, nasi tuna wajibu wa kusikiliza.

Na masomo yenyewe pia hupimwa. Abu Abdurrahman as-Sulami, miongoni mwa tabiina, ameeleza kuwa waliomsomesha Qur'ani walikuwa wakijifunza aya kumi, hawazipiti mpaka wajue yaliyomo ya elimu na ya kutenda. Sisi leo twakimbilia kumaliza juzuu na kufunga kitabu kabla ya Shaaban, ili tuseme silabasi imekwisha. Kitabu chaweza kumalizika na watoto wakawa wamebaki sura ya kwanza.

Hata shuleni mambo yamegeuka. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa ripoti hueleza mtoto amefika wapi katika kila somo, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio. Vyuoni bado twaishikilia nambari, ambayo humwambia mzazi mtoto amewapita wangapi, wala haimwambii amejua nini.

Kwa hivyo, mama, ripoti ikifika nyumbani juma hili, usianze na nambari. Mwambie mtoto akuonyeshe udhu wake, akusomee sura aliyoihifadhi mwisho, akueleze maana ya jambo moja alilofunzwa. Kisha njoo chuoni utuulize: ni wapi amekwama, wenziwe wamekwama hapo hapo, na nyinyi walimu mtafanya nini? Wakikwama wengi mahali pamoja, tatizo si la mtoto wako peke yake.

Nasi kwa upande wetu, somo la tayamum tumelirudia kwa darasa zima, kila mtoto akionyesha kwa mikono yake, na maswali ya fiqhi kwa watoto wa umri huo tutayaandika kwa Kiswahili. Binti yule hakupanda akawa wa kwanza. Hifdhi yake ingali dhaifu, na hilo tumemwambia mamake bila kuficha. Babake amekubali abaki hadi tutakapofungua Mfunguo Mosi, kisha atazame. Tunaiona haki yake ya kutazama, na tunajua kuwa muda huo tumepewa sisi pia.

Twamwomba Allah awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na walimu ikhlasi, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya. Amin. Wabillahi tawfiq.