Goma: Mtihani wa siku tatu bila malipo ni kazi ya bure

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wahami mnaokaa kwa jamaa huku Ndosho na Majengo, leo nisemee mahojiano ya kazi.

Tangu benki zifungwe hapa Goma, mwezi wa kwanza 2025, kijana akisikia kuna kampuni ya teknolojia inatafuta watu, anakimbia. Hata mimi nilikimbia, kwani uandishi huu hauleti unga nyumbani. Tulikuwa watu kama ishirini, kila mmoja na diplome yake na mashini ya kuazima. Maswali yalikuwa machache. Kisha tukaambiwa: sasa ni mtihani. Picha 600 za barabara kwa kila mtu, uchore kisanduku kwenye kila gari, kila mtu, kila pikipiki. Siku tatu, mega za intaneti ujinunulie mwenyewe. Binti mmoja aliyekimbia kutoka Sake alizinunua kwa feza za maharagi ya mama yake.

Niliuliza tutalipwa ngapi. Jibu: "Bado hamjaajiriwa, mnauliza mshahara?" Kisha: "Tutawaita." Hakuna aliyeitwa.

Kujua kama mtu ana jicho zuri, picha kumi zinatosha. Picha 600 mara ishirini ni bidhaa: kuna mteja mahali fulani anayefundisha kompyuta yake kwa visanduku hivyo, na huyo analipa. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16/10/2002, inakubali kipindi cha majaribio, lakini ndani ya mkataba wa kazi, na mkataba una mshahara.

Wengine wanasema: afadhali hivyo kuliko kukaa bure. Hapana! Anayekaa bure hapotezi feza za maharagi.

Na si mshahara peke yake unaofichwa. Nairobi walitutangulia katika kazi hizi. Gazeti la Time liliandika, mwezi wa kwanza 2023, kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ubakaji na mauaji, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Daniel Motaung, wa Afrika Kusini, aliyechuja picha na video za Facebook kwenye kampuni hiyohiyo, alishitaki mwaka 2022. Alisema tangazo la kazi halikumwonyesha ni kazi gani inamngojea. Mwezi wa tisa 2024, mahakama ya rufaa ya Kenya ikasema Meta, mwenye Facebook, anaweza kushitakiwa kulekule.

Sasa fikirieni kijana aliyeona jirani yake akiuawa Masisi. Anaitwa kwenye mahojiano, anasaini, kesho yake anafunguliwa video za watu wakichinjwa, saa nane kwa siku. Je, hakupaswa kuambiwa kabla ya kusaini?

Wazazi, mtoto akipata mwito wa namna hii, aulize mbele ya wote: ni picha gani, ni za nani, saa moja ni feza ngapi, mkataba uko wapi. Wakikasirika kwa maswali hayo, arudi nyumbani na mega zake.

Kampuni yetu ile ina majina yetu na namba zetu za telefoni. Picha 600 kila mmoja, siku tatu. Tunangoja malipo.